Mfungo Sita Si Mwezi wa Sita

Mwaka mmoja nilipeleka kalenda kwa mpiga chapa. Ni kalenda ya ukutani ninayoipanga kila mwaka: tarehe za Kizungu kwa wino mweusi, za mwezi mwandamo kwa wino wa kijani, na nyakati za sala za Mombasa pembeni. Niliporudi kuichukua nikakuta juu ya ukurasa wa Juni pameandikwa kwa herufi kubwa MFUNGO SITA, na Maulidi imekwenda kukaa Disemba. Nakala zote zilikuwa zishachapwa. Nikamuuliza kijana wa mpangilio imekuwaje, naye akanifungulia karatasi yangu mwenyewe, kwa adabu kabisa.

"Mwalimu, si umeandika hapa Maulidi ni mwezi kumi na mbili Mfungo Sita? Mwezi kumi na mbili si Disemba? Na huu Mfungo Sita nikaona ndio mwezi wa sita, labda kuna saumu yake."

Niliumia kwa kazi iliyopotea, lakini maneno yake ndiyo yaliyonikaa zaidi. Kijana ni mzaliwa wa Mombasa, Kiswahili amekinyonya kwa mamake, na majina ya miezi ya kwao hayamwambii kitu. Tangu siku ile, kila Mfungo Sita unapokaribia, naulizwa maswali yale yale. Leo nataka kuyajibu kwa nafasi.

Nianze na hiyo "mwezi kumi na mbili". Kwa wazee wa Pwani, mwezi ni ule ulio juu angani. Ukitaka kujua tarehe ulikuwa ukiuliza, "Leo mwezi ngapi?" na ukajibiwa, "Mwezi nane," yaani usiku wa nane tangu mwezi uandame. Kwa hiyo mwezi kumi na mbili ni tarehe kumi na mbili. Mwezi *wa* kumi na mbili ndio Disemba. Neno dogo "wa" limebeba tofauti yote hiyo, na ukiandika kwa haraka linadondoka.

Sasa hilo "Mfungo". Magazeti na redio siku hizi husema "mfungo wa Ramadhani", wakimaanisha saumu yenyewe, na ndiyo maana mtu akisikia Mfungo Sita hufikiri kuna kufunga ndani yake. Jina kamili ni Mfunguo, na utaliona limeandikwa hivyo katika kamusi na barua za zamani. Linatokana na kufungua. Ramadhani ikiisha, watu wamefungua, na mwezi unaofuata ni Mfunguo Mosi. Ukifuatia wa pili ni Mfunguo Pili, kisha Tatu, mpaka Tisa. Ulimi wa watu umeikata ile "u" ya katikati, nasi tumebaki na Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Sita. Mimi pia husema Mfungo, maana ndivyo nilivyosikia nyumbani. Lakini ukijua asili yake hutaichanganya tena na ile "sita" ya Mfungo Mosi, zile siku sita za suna ambazo watu hufunga baada ya Idi. Hiyo ni sita ya siku, na hii ni sita ya miezi.

Mfungo Sita basi ni mwezi wa sita tangu watu wafungue. Kwa Kiarabu unaitwa Rabiul Awwal, nao ni wa tatu katika mwaka wa Kiislamu, unaoanza Muharram. Muharram kwetu ni Mfungo Nne. Maana yake mwaka mpya wa Kiislamu unaingia katikati ya hesabu ya Waswahili, na hesabu haishtuki: nne, tano, sita, inaendelea tu.

Kuna jambo hapa ambalo kila nikilieleza darasani naona nyuso zinafunguka, nami nalipenda kuliko mengine yote katika kazi hii. Itazame wiki yetu. Siku kuu ni Ijumaa. Ikishapita tunaanza kuhesabu: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Hapo hesabu inakoma. Alhamisi na Ijumaa zinabaki na majina ya Kiarabu. Na *alkhamis* kwa Waarabu ni siku ya tano, kwa sababu wao huanza kuhesabu Jumapili. Ndiyo maana Waswahili tuna siku mbili za tano zinazofuatana, Jumatano ya hesabu yetu na Alhamisi ya hesabu yao. Sasa itazame miezi. Ramadhani ndiyo Ijumaa ya mwaka. Ikishapita tunahesabu Mfungo Mosi hadi Mfungo Tisa, kisha hesabu inakoma, na miezi mitatu ya mwisho, Rajabu, Shaabani na Ramadhani, inabaki na majina yake ya Kiarabu. Wiki na mwaka vimeshonwa kwa mshono mmoja. Siku yenyewe pia haiko mbali na hapo: inaanza magharibi, jua likizama, ndiyo maana usiku wa Alhamisi kwetu ni "usiku wa kuamkia Ijumaa", na Maulidi husomwa usiku, kabla ya mchana wake.

Ukitaka kujua mwezi wa Mfungo unakaa wapi katika mpangilio wa Kiarabu, jumlisha tisa, ikipita kumi na mbili toa kumi na mbili. Sita na tisa ni kumi na tano, toa kumi na mbili, inabaki tatu. Kijana wa chapa nilimwandikia hesabu hii nyuma ya risiti.

Rabiul Awwal maana yake ni rabii ya kwanza, na rabii kwa Waarabu ni majira ya majani mabichi. Jina lilitungwa zamani sana, mwezi ulipokuwa bado umefungamana na majira. Baadaye Uislamu ukakataza kuongeza mwezi wa ziada ili kuurudisha mwaka kwenye majira yake, na tangu hapo mwaka wa Kiislamu ukawa wa mwezi mtupu, siku 354 au 355. Ni pungufu kwa siku kama 11 kuliko mwaka wa jua. Kwa hiyo Mfungo Sita hauna baridi yake wala joto lake. Hurudi nyuma kila mwaka, ukapita katika kusi, ukapita katika kaskazi, na baada ya miaka kama 33 unarejea ulikotoka. Mwaka 2023 Maulidi ilikuwa mwishoni mwa Septemba, 2024 katikati ya Septemba, 2025 mwanzoni mwa Septemba. Anayezaliwa leo na akajaaliwa umri ataisoma Maulidi katika kila upepo uvumao Pwani.

Mara moja moja kurudi nyuma huku kunaleta jambo zuri: Maulidi mbili katika mwaka mmoja wa Kizungu. Ilitokea 2015, ya kwanza ikiwa mwanzoni mwa Januari na ya pili karibu na Krismasi. Kabla ya hapo ilitokea 1982. Mwaka ule nilikuwa mtoto, na ninaukumbuka kwa sababu ya vikuba vya nyanya yangu.

Asiyejua kikuba nitamweleza, maana siku hizi hata katika harusi vimepungua. Ni kifurushi kidogo cha majani na maua yanukayo, ambacho mwanamke hukibandika kifuani au huchomeka katika nywele. Nyanya alikuwa akivitengeneza alasiri ya kuamkia Maulidi, ameketi mkekani, sinia mbele yake. Rehani chini, kwa kuwa jani lake hushika mengine. Juu yake asumini, kisha kilua kimoja katikati, kipande cha mkadi, na petali chache za waridi. Anakusanya, anafunga kwa uzi, anakata uzi kwa meno, ananyunyizia marashi, anaweka upande. Asumini alitaka zichumwe zingali zimefumba. Nilimletea mara moja zilizokwisha kufumbuka, akazirudisha kwa upole. "Hizi zishatoa roho yake, mwanangu. Nataka zifumbuke kule, Mtume akisomwa." Kweli, ua la asumini lililochumwa jioni limefumba hufumbuka usiku, na ilipofika saa tatu chumba chote cha wanawake kilikuwa kikinukia zaidi kuliko tulipoingia. Mwaka ule alifanya kazi hiyo Januari na akaifanya tena Disemba, nami nikadhani mwaka umekwisha kabla ya wakati wake.

Harufu hii haikuja kwa ajili ya kujipamba tu. Maulidi inayosomwa zaidi Pwani ni Barzanji, iliyotungwa katika karne ya 18 na Sayyid Jaafar al-Barzanji, mufti wa Kishafii wa Madina. Ni nathari, si shairi, lakini ina vina mwanzo hadi mwisho, na imegawanywa milango. Wasomaji hupokezana. Mmoja anasoma mlango, anaumaliza, na kabla mwengine hajaanza wote wanaitikia dua fupi inayorudi tena na tena usiku kucha: Mwenyezi Mungu alitie manukato kaburi tukufu la Mtume, kwa harufu njema ya sala na salamu. Ndipo unapoelewa kwa nini chetezo cha udi kinazungushwa mstari kwa mstari, kila mtu akikikaribisha moshi kwenye kanzu yake. Ndipo unapoelewa mrashi, ile chupa ya shingo ndefu ambayo mtoto hupita nayo akinyunyizia watu marashi viganjani. Kinachoombwa kwa ulimi ndicho kinachofanywa kwa mkono, saa ile ile, chumba kile kile. Nimehudhuria Maulidi miaka mingi na bado mahali hapa pananigusa.

Kisomo kikifika pale Mtume anapozaliwa, watu wote husimama. Ndiyo kiyamu. Sauti zinapanda, salamu zinaimbwa kwa pamoja, matwari, zile ngoma bapa za mkono, yakiwapo yanapigwa, na wazee wasioweza kusimama hushikwa mkono. Mwisho wake dua, kisha sinia: kahawa chungu na halua, kaimati, sambusa, na penye uwezo pilau. Watu hula kwa makundi, wanne au watano kwa sinia moja.

Kwa nini mwezi huu? Wanazuoni wengi wamekubaliana kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alizaliwa Makka katika mwezi huu, siku ya Jumatatu, Mwaka wa Ndovu. Tarehe ndiyo wametofautiana, na kumi na mbili ndiyo iliyoenea. Watu wengi hawakumbuki kwamba Hijra pia ilimfikisha Madina katika mwezi huu huu, mwaka 622, na kwamba alifariki katika mwezi huu, mwaka 632. Khalifa Umar alipoweka hesabu ya miaka ianzie Hijra, mwanzo wa mwaka uliachwa Muharram kama Waarabu walivyouzoea, ingawa safari yenyewe ilikuwa ya Rabiul Awwal. Kuzaliwa, kuhamia na kufariki, vyote viko chini ya jina hili ambalo kwetu ni nambari tu.

Nyumbani furaha ya Mfungo Sita ilikuwa na sababu nyingine pia: Mfungo Tano umekwisha. Wazee walikuwa hawaupendi Mfungo Tano. Hawakuozesha ndani yake, hawakuanza safari wala kuweka msingi wa nyumba, na Jumatano yake ya mwisho walijikinga kwa kombe, maandishi ya Qurani yaliyoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, yakaoshwa kwa maji na kunywewa. Dini yenyewe haina nuksi ya mwezi, na masheikh wamelisema hilo kila mara. Lakini nakumbuka vile watu walivyokwenda pwani kutazama mwezi jioni Mfungo Tano unapokwisha, na mtu akisema "umeandama" unasikia pumzi zikishuka.

Sasa nije kwenye swali ninaloulizwa zaidi na wageni wa mji: kama Maulidi ni tarehe kumi na mbili, mbona mnaisoma mwezi mzima? Ni kwa sababu Pwani Maulidi si ya siku moja. Usiku wa kumi na mbili una yake. Unguja watu hukusanyika viwanja vya Maisara, na Tanzania nzima siku hiyo ni mapumziko, huku Kenya ikiwa siku ya kazi kama nyingine. Lakini kila msikiti na kila chuo cha Qurani kina usiku wake, na usiku hizo zimepangwa zisigongane, ili msomaji wa mji huu aweze kwenda mji ule. Mtaa mmoja ukisoma leo, jirani zake ni wageni wake. Wiki ijayo yeye ndiye mgeni wao. Na mlolongo wote unaelekea mahali pamoja, Lamu, katika wiki ya mwisho ya mwezi.

Maulidi ya Lamu haina budi kuelezwa pamoja na Habib Swaleh. Jina lake ni Swaleh bin Alawy Jamalillail, sharifu, yaani wa kizazi cha Mtume, aliyezaliwa Ngazija katika visiwa vya Komoro, akaja Lamu kijana, akakaa huko mpaka alipofariki 1935. Hakujenga katikati ya mji penye nyumba za mawe za wakubwa. Alikaa Langoni, pembeni, na akafungua darasa lake kwa watu ambao hawakuwa na nafasi katika madarasa ya wenye mji: waliotoka utumwani na watoto wao, na wageni maskini. Akawafundisha dini, akawatibu, na akawasomesha Maulidi nyingine, ile ya Habib Ali al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, inayosomwa kwa kuimba na kupigiwa matwari. Ngoma ndani ya msikiti! Baadhi ya wanazuoni wa mji hawakuridhika, na mjadala ulikuwa mkali. Lakini watu walikuja, wakazidi kuja, na Msikiti wa Riyadha aliouanzisha ukawa ndio unaotembelewa zaidi, kutoka Mombasa na Malindi, kutoka Tanga na Unguja, hata kutoka Ngazija kwao. Ninaamini Lamu isingekuwa na Maulidi hii kama yeye asingeliketi na wale walioachwa mlangoni.

Usiku wa Alhamisi ya mwisho ndio kilele. Uwanja mbele ya Riyadha hujaa kanzu nyeupe mpaka huoni mchanga, matwari yamepangwa mstari, na wapigaji huyumba kwa pamoja. Mchana wake kuna michezo: punda wanakimbizwa ufukoni na vijana wasiotumia tandiko, mashua zinashindana matanga yamejaa, wazee wanacheza bao, vijana wanacheza kirumbizi kwa fimbo. Goma huchezwa na wanaume waliosimama safu moja, bakora mkononi, wakienda taratibu sana. Ijumaa watu huzuru kaburi la Habib Swaleh, kisha zefe, yaani maandamano, inateremka kuingia mjini kwa kasida na bendera. Ukiwa na nafasi ya kwenda siku moja tu, nenda Alhamisi na ulale.

Zamani upepo uliamua nani afike. Mfungo Sita ukiangukia kusi, jahazi za Unguja na Ngazija zilipanda Lamu kwa urahisi, kurudi ndiko kulikuwa kazi. Ukiangukia kaskazi, mambo yanageuka. Sasa watu huja kwa basi na boti.

Wapo Waislamu wenzetu wanaoona Maulidi ni bidaa, yaani uzushi katika dini, na hawaisomi. Wamo katika ukoo wangu, na tunapokutana hatugombani. Wao wana dalili zao, na wanaoisoma wana zao. Mimi nimelelewa ndani yake, naipenda, na naiandika kama nilivyoipokea.

Kalenda niliichapisha upya mwaka ule, na kijana yule yule ndiye aliyeipanga. Safari hii aliniuliza kila jina kabla hajaliweka, na mwishowe akaniuliza ni lini tena mwaka mmoja utakuwa na Maulidi mbili. Tukakaa naye tukahesabu kwa penseli: Inshaallah itakuwa 2047, ya kwanza yapata tarehe 9 au 10 Januari na ya pili siku mbili tatu kabla ya mwaka kwisha, kwa kutegemea mwezi utakavyoonekana. Aliandika mwaka huo kwenye ukuta wa karakana, juu ya mashine.